Chumba Kisicho na Msomaji

Mke wa kaka yangu ni mkutubi, na mimi ndiye ninayefagia maktaba yake. Watu wakisikia hivyo hudhani nilipata kazi kwa kubebwa. Hawajui kwamba wifi yangu huyo alinifanyia usaili kama mtu asiyenijua, akaniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi wa kushika fagio, akaandika jibu langu kwenye karatasi na kuipiga muhuri. Jana yake tulikuwa tumekula pamoja nyumbani kwake, na vyombo nikaosha mimi.

Mjini wanamwita Bi Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisema mara nyingi kuliko yote katika miaka ishirini na sita aliyokaa nyuma ya meza ile. Ni mtu wa kanuni. Kanuni ikisema kitabu kirudi kabla ya saa kumi na moja, nawe ukakileta saa kumi na moja na dakika moja, hatakugombeza. Atakuonyesha saa ya ukutani kwa kidole, na utajikuta unaiomba radhi saa. Utani wetu haujaisha tangu aolewe: mimi namwambia alizaliwa na muhuri mkononi, yeye ananiambia kufagia ni chini ya kabati, si kulizunguka kabati.

Maktaba yenyewe ina vyumba viwili. Mbele kuna ukumbi wa watu wazima, wenye meza kumi na mbili, madirisha marefu na feni tatu, mbili zikiwa nzima. Nyuma, ukishapita stoo ya ndoo zangu, kuna chumba cha watoto. Kina dirisha moja, viti vidogo thelathini na rafu mbili za vitabu ambavyo Bi Kimya huvibandika gundi nyumbani kila Jumapili. Zamani kilikuwa chumba cha kuwekea rangi na ngazi, na mvua ikinyesha bado kinanuka rangi.

Ngoja kwanza niwasifie wasomaji wetu wazima, maana ndio fahari ya mji. Hufika saa mbili kasoro, hatujafungua, wanasukumana mlangoni kwa kiu ya elimu. Kiu hiyo huishia kwenye soketi. Tuna soketi nne tu, na anayewahi kuchomeka chaja yake hutafuta kitabu kinene cha kuegemezea simu. Kitabu kinachogombewa kuliko vyote ni kimoja cha sheria za ardhi, kurasa mia tisa, maana ukikilaza ni mto na ukikisimamisha kinakuficha uso usipotaka kuonekana na mtu unayemkwepa. Wapo wanaosubiri ofisi ya maji hapo jirani ifunguliwe. Wapo wanaokimbia jua. Wapo wanaosoma gazeti, ambalo ni moja, kwa hiyo hugawana kurasa, na ukurasa wa michezo huondoka na mtu kila siku. Nimefagia ukumbi ule miaka tisa, na vitabu vya rafu ya juu bado vina vumbi lile lile nililolikuta.

Bingwa wao ni kaka yangu mwenyewe, karani mstaafu. Kila siku saa mbili na nusu husaini daftari kwa mwandiko wa kuringa, huchukua ukurasa wake wa gazeti, hukaa chini ya feni, na ikifika saa tatu anakoroma. Mkewe hupita na kusema, "Kimya," naye hunyamaza bila kufumbua macho, kwa mazoea ya ndoa. Mwaka juzi makao makuu ya maktaba waliagiza wapelekewe jina la aliyetia sahihi mara nyingi kuliko wote. Bi Kimya alihesabu bila upendeleo, akajikuta anampeleka mumewe. Ikarudi cheti, Msomaji Bora wa Mwaka, na sasa kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Mgeni akija, kaka humpeleka mbele ya cheti, kisha hutuhutubia wote kuhusu vijana wa siku hizi wasiopenda kusoma.

Sasa hao vijana wa siku hizi. Shule zikitoka, saa tisa, huingia kwa mlango wa nyuma na vumbi lao lote, na mimi nimetoka kupiga deki. Viti thelathini hujaa kabla sijasimamisha ndoo, wanaobaki hukaa chini sakafuni, na hugombana kwa kunong'onezana juu ya nani zamu yake ya kitabu gani. Hawa hawana cheti cha mtu. Wanasoma tu. Kuazima hawaruhusiwi, kwa sababu anayeazima lazima awe na kitambulisho, na mtoto wa miaka tisa atakipata wapi? Basi husoma hapo hapo mpaka tufunge, na kila mmoja huacha kipande cha uzi wa sufu mahali alipofikia. Uzi wanapewa na Bi Kimya, kila mtoto na rangi yake au fundo lake, naye anazijua zote. Ukimwuliza uzi wa kijani wenye mafundo mawili ni wa nani, atakutajia mtoto, kitabu na ukurasa. Kaka yangu mpaka leo anaitafuta sweta yake ya kijani, na mimi sijasema kitu.

Balaa lilianza na daftari. Miaka mitatu iliyopita makao makuu walituletea daftari jipya la wageni, jalada gumu, karatasi nzuri, kila chumba na lake. Lilikuwa na safu ya jina, safu ya sahihi na safu ya namba ya kitambulisho, na ndani ya jalada wamechapa maelekezo: asiye na namba asiandikwe. Bi Kimya aliyasoma mara mbili, akavua miwani. Nikamwambia, wifi, waandikie hao watoto namba yoyote, ya simu, ya kiatu, nani atakagua? Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyeombwa amuue mama yake. Daftari ni daftari, akasema, uongo hauandikwi humo. Aliandika barua makao makuu kuuliza watoto waandikwe vipi. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika ya pili na ya tatu, nazo pia, namshukuru Mungu, zilipokelewa.

Kwa hiyo watoto waliendelea kuingia, maana maelekezo yalikataza kuwaandika, hayakukataza kuwafungulia. Chumba kilijaa kila siku, na daftari lake likabaki jeupe kwa miaka mitatu, safi, halina hata alama ya kidole. Nilikuwa nalipangusa vumbi kila Ijumaa. Nilimwambia wifi kwamba hili litatutokea puani, akaniambia niangalie kazi yangu, na kweli nilikuwa nimeacha utando wa buibui dirishani.

Barua ilikuja mwanzoni mwa mwaka. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, chumba cha watoto hakijapata msomaji hata mmoja kwa miaka mitatu mfululizo, na kwamba baada ya mwezi mmoja atakuja mkaguzi. Asipokuta mabadiliko kwenye daftari, chumba kitafungwa na vitabu vyake vitatiwa kwenye maboksi na kupelekwa ghalani. Bi Kimya aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Niliwahi kumwona akizika wazazi wake wawili bila kuketi.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia si nilikwambia, maneno nimeyaweka tayari miaka mitatu, lakini nikamletea maji ya kunywa. Aliniambia taratibu kwamba kosa ni lake. Watoto wamekaa mbele ya macho yake, akawanyima mstari mmoja wa wino. Nikamwambia wa kulaumiwa ni aliyelichapa daftari lile, pamoja na waliozipokea barua zako. Hakunisikia. Alikuwa anahesabu nyuzi zinazochungulia kwenye vitabu vya rafu, kwa midomo, bila sauti.

Siku ya pili alikuja na dawa, na dawa yake, kama kawaida, ilikuwa ya kikanuni. Ikiwa mtoto hana namba, mzazi anayo. Mzazi aje na mtoto mara moja kwa wiki, aingie chumbani, asaini yeye. Atakuwa ameingia kweli, atakuwa amekaa kweli, uongo utakuwa wapi? Akaenda kwenye mkutano wa wazazi wa shule ya jirani, akaomba dakika tano. Sijapata kuona watu wanaopenda kusoma kama wazazi wale. Walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Wakasimama mmoja mmoja kulaani simu, kulaani televisheni, kulaani walimu. Baba mmoja alisema kusoma ni uhai, na ninavyoijua nyumba yake, maandishi pekee yaliyomo yako kwenye mfuko wa unga. Bi Kimya alipouliza nani atakuja Jumanne saa tisa na mtoto wake, ukumbi wote ukaanza kutafuta funguo mifukoni.

Hawakujua wanacheza na nani. Alikuwa ameandika majina ya wote waliopiga makofi. Kesho yake akaanza kuwafuata makazini, mmoja mmoja, na orodha mkononi. Buchani alipanga foleni, zamu yake ilipofika hakununua kitu, akamwuliza muuza nyama mbele ya wateja kama yale makofi ya jana yalikuwa yake au ya mtu mwingine. Saluni alimkuta mama mmoja yuko chini ya mashine ya kukaushia nywele, hana pa kukimbilia. Fundi baiskeli alimwahidi mwenyewe kabla hajafika, alipomwona tu anavuka barabara.

Wakaja, basi. Wiki ya kwanza walikuja kwa aibu, wakasaini, wakajikunyata kwenye viti vidogo magoti yakiwa kifuani, wakiangalia saa. Wiki ya pili waliona ni aibu zaidi kukaa bure mbele ya watoto wanaosoma, wakachukua vitabu. Muuza nyama, mtu anayeangusha ng'ombe wawili kwa siku, aliangukia kitabu cha picha cha ndama aliyepotezana na mama yake. Bintiye akawa anamfunulia kurasa. Kufika katikati jitu zima likatoa leso na kusema chumba kina vumbi. Nikamwambia nimefagia, baba, usinisingizie. Wiki ya tatu alikuja siku mbili, hakuitwa na mtu, kisa anataka kujua yule ndama amefikaje nyumbani.

Nakiri kwamba nilianza kuwa na matumaini, tabia ambayo haijawahi kunisaidia. Daftari liliandikwa sahihi mia mbili na kumi na nne. Bi Kimya alikuwa analifungua kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, analiangalia, analifunga, na siku moja nilimsikia anaimba kwa pua.

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa nne asubuhi. Kijana nadhifu, viatu vya kung'aa, mfuko wa ngozi kwapani, na futi ya kupimia. Watoto walikuwa shuleni, wazazi makazini, chumba kitupu. Aliingia, akapima dirisha, akapima mlango, akajaribu kukaa kwenye kiti kimoja kidogo, akanasa. Ikabidi nimshike mikono nimvute. Hakuna kitabu alichokigusa. Kisha akafungua daftari, na uso wake ukachanua.

"Hongera, mama," akamwambia Bi Kimya. "Kutoka sifuri mpaka wasomaji mia mbili na kumi na nne kwa mwezi. Na wote watu wazima."

"Hao ni wazazi," Bi Kimya akasema. "Wamesaini ili watoto wao wasihesabiwe kuwa hawapo."

"Na watoto wenyewe wako wapi?"

"Shuleni. Sasa ni saa nne. Subiri saa tisa utawaona kwa macho yako."

"Kwenye daftari, mama. Kwenye daftari wako wapi?"

Bi Kimya akamweleza habari ya namba. Akamtolea nakala za barua zake tatu. Akamfungulia kitabu kimoja chenye nyuzi tano ndani yake, akamwonyesha watoto watano walipofikia. Kijana alisikiliza kwa adabu, sikatai, hata akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akasema yeye hakutumwa kuhesabu nyuzi, ametumwa kusoma daftari, na daftari linasema chumba hiki kinapendwa sana na watu wazima, ambao kwa bahati mbaya wanakalishwa kwenye viti vya watoto. Hilo atalirekebisha. Gari lilikuwa linamsubiri nje.

Jibu lilikuja baada ya siku nane, jambo linaloonyesha kwamba wakitaka kuandika wanajua. Kuanzia tarehe moja ya mwezi unaofuata, chumba cha watoto kitatumiwa na watu wazima. Viti vidogo viondolewe chumbani humo. Pongezi nyingi kwa mkutubi kwa kukuza usomaji.

Jioni ile nilimfuata nyumbani. Nilimkuta jikoni ameshika kisu, kitunguu kizima mbele yake, analia bila sauti. Kaka naye alikuwa mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Mwishoni akaenda sebuleni, akakitungua cheti chake, akakileta jikoni na kumwekea mkewe mezani, kama mtu anayesema chukua hiki na mimi sina kingine. Hiyo ndiyo mara pekee nilipompenda kaka yangu siku ile, maana dakika tano baadaye aliuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Bi Kimya alifuta macho, akavaa miwani, akaichomoa barua kwenye mkoba na kuisoma tena. Akaisoma tena. Mimi nikachukua kisu nikakata kitunguu, maana kaka amezaliwa kula. Nilipomaliza kukata, wifi alikuwa ameacha kulia, na uso umemkaa ule wa saa kumi na moja na dakika moja.

"Wifi," akaniambia, "barua imesema chumba cha nyuma ni cha watu wazima. Kuhusu ukumbi wa mbele imesema nini?"

Nikaichukua, nikaisoma mbele na nyuma. "Haijasema kitu."

"Basi kesho njoo mapema."

Ilikuwa tarehe thelathini na moja. Tulihamisha sisi wawili, wanawake wa umri wetu, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Meza nne za watu wazima zikaenda nyuma, zaidi ya hapo hazikuingia. Viti vidogo vikaja mbele, chini ya madirisha marefu. Rafu mbili za watoto tulizisukuma polepole ili nyuzi zisidondoke. Mgongo wangu haujapona mpaka leo, na nimeandika barua ya kuomba matibabu, nayo imepokelewa.

Kesho yake tarehe moja wenye kiu ya elimu wakafika. Bi Kimya akasimama mlangoni na barua mkononi, akawaelekeza nyuma, kwa upole kabisa, kwamba makao makuu wamewapa chumba chao. Chumba kina soketi moja. Kilio walicholia hakijawahi kusikika katika jengo lile. Mmoja alisema haki ya msomaji inakanyagwa, na mkononi ameshika chaja. Kaka yangu alifika saa mbili na nusu, akakuta pale chini ya feni pamekaa rafu ya vitabu vya picha, akamwambia mkewe mbele ya watu kwamba yeye ndiye Msomaji Bora. Mkewe akamwambia ndiyo maana amepewa chumba maalumu. Akaenda. Saa tatu nilimsikia anakoroma kule kule, kwa hiyo elimu yake haikupata hasara.

Saa tisa watoto wakaja kwa mlango wa nyuma kama siku zote. Wakakuta madume yamejazana chumbani kwao, wakarudi nje. Bi Kimya akawafuata uani, akawazungusha mpaka mbele, akafungua milango yote miwili ya ukumbi. Hawakuingia. Walisimama pale kizingitini wanaangalia juu, dari ilivyo mbali, na madirisha, na vitabu vya watu wazima ukuta mzima. Yule binti wa muuza nyama ndiye aliyepata kinywa.

"Bibi, wakija kututoa je?"

Wifi aligeuka akaangalia ndani. Daftari la ukumbi lilikuwa mezani kwake, limefunuliwa ukurasa mpya, tarehe imeandikwa na chini yake hamna kitu, wala hakutakuwa na kitu, maana yeye haandiki uongo. Aliwaangalia wote, arobaini na kitu, kila mmoja na rangi yake ya uzi.

"Wawatoe akina nani?" akasema. "Hakuna mahali mlipoandikwa. Ingieni."

Wakaingia, na vumbi lao. Ilipofika saa kumi, sakafu nzima ilikuwa imeenea watoto, hakuna hata pa kupitisha fagio.